Usitupe Pedi za Breki Kabla Hujazisoma

Leo naomba ruhusa nitoke kidogo katika mambo yetu ya kawaida. Hakuna hifadhidata leo, hakuna Linux, na wale mnaosubiri sehemu ya pili ya somo la PHP naomba mvumilie. Nataka kuzungumzia breki za gari, hasa pedi za breki za magari ya 4x4, zile ambazo hulika upande mmoja zikabaki nzima upande mwingine.

Najua baadhi yenu mtauliza, wewe mtu wa kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili alivyosisitiza mpaka akachoka), breki zinakuhusu nini? Zinanihusu kwa sababu hupanda magari hayo na watu wangu huyapanda. Tena kazi yangu ya kila siku ni kutafuta hitilafu, na sijaona mahali pengine ambapo hitilafu huacha ushahidi mzuri namna hii, halafu watu wakautupa kwenye pipa la takataka bila hata kuugeuza.

Maoni yangu nayasema mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Pedi zikilika bila usawa, kubadilisha pedi peke yake ni kuficha ugonjwa. Na wa kwanza kulaumiwa si fundi. Ni sisi wenye magari, maana tuko tayari kulipia spea lakini hatutaki kulipia muda wa mtu kutafuta ni kwa nini spea ile imekufa mapema.

Nianze na mfano ninaoujua. Mjomba wangu ana Prado ya mwaka 2006, ile tunayoita 120. Ni gari la kazi. Kila baada ya wiki mbili hivi anashuka nalo kutoka Kiserian kuelekea Magadi, ambako ana mifugo, akiwa amebeba maji, unga, dawa za ng'ombe na kila jirani anayehitaji lifti. Akiiacha lami anaingia njia za mawe na vumbi laini kama unga, na mvua ikinyesha ni matope matupu. Mwaka jana gurudumu la nyuma la kulia lilianza kutoa sauti ya chuma kukwaruza chuma. Fundi akafungua, akasema, "Mzee, ni pedi zimeisha tu," akafunga mpya, akalipwa, kila mtu akaenda zake. Miezi minne baadaye, sauti ile ile, gurudumu lile lile.

Mara hiyo ya pili nilikuwepo. Niliomba pedi zilizotolewa nikazipanga juu ya gunia, mbili za kulia na mbili za kushoto, kwa mpangilio uleule zilivyokaa garini. Za kushoto zilikuwa na kama milimita 7 kila moja. Ya kulia ya nje, 8. Ya kulia ya ndani haikuwa na kitu, ilikuwa kipande cha bati kilichong'aa kama kijiko. Sasa fikiria una seva nne zinazogawana kazi, na moja inaanguka kila baada ya miezi minne huku nyingine zikisinzia. Utanunua seva nne mpya, uzipange palepale, na uende nyumbani? Ndicho kilichokuwa kimefanyika.

Ili kuelewa kwa nini, lazima tuangalie breki yenyewe inavyofanya kazi. Si vigumu. Kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, hiyo ndiyo diski. Kuna pedi mbili zinazoibana, moja kutoka upande wa ndani wa gari na nyingine kutoka nje, kama unavyobana chapati ya moto kwa vidole viwili. Kinachozibana ni kalipa. Kwenye magurudumu ya nyuma ya Prado hiyo kalipa ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Swali la kujiuliza ni pistoni moja inawezaje kusukuma pedi mbili zinazotazamana. Ujanja ni kwamba kalipa haijafungwa ikakazwa kabisa. Imekaa juu ya pini mbili na inaweza kuteleza. Ukikanyaga pedali, pistoni inasukuma pedi ya ndani mpaka inagusa diski. Ikishindwa kwenda mbele zaidi, nguvu ile ile inairudisha kalipa nzima nyuma, nayo inaivuta pedi ya nje ije ibane kutoka upande wake. Nilipoielewa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa furaha. Aliyebuni kitu hicho alikuwa mvivu kwa namna ile nzuri ambayo sisi waandishi wa programu tunaiheshimu.

Ila uvivu huo una sharti. Pini lazima ziteleze. Kila pini imevikwa kimpira cha kuzuia vumbi na ndani kuna grisi. Kimpira kikichanika, na kwenye njia za mawe kuna siku kitachanika, vumbi na maji huingia, grisi hugeuka kuwa kama simiti, kutu hufuata, pini hukwama. Kuanzia hapo pistoni huisukuma pedi ya ndani peke yake. Ya nje inagusa kidogo tu au haigusi kabisa, na ya ndani inafanya kazi ya wawili. Kwenye gari la mjomba pini ya chini ilikuwa imekwama kabisa na ya juu inasogea kwa shida. Ile ya chini ilitoka kwa nyundo baada ya nusu saa ya maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Pini mpya mbili, vimpira vyake na paketi ndogo ya grisi ya breki viligharimu chini ya nusu ya bei ya pedi. Hivyo tu. Simlaumu mtengenezaji wa gari, vimpira vile vilikuwa vimefanya kazi miaka mingi.

Kuna jambo jingine lililonitisha zaidi siku ile. Watu wengi hukagua breki kwa kuchungulia katikati ya matundu ya rimu. Ukichungulia hapo unaona pedi ya nje na uso wa nje wa diski. Pedi ya ndani imejificha nyuma. Kwa hiyo mjomba angechungulia kila asubuhi mwaka mzima, angeona milimita 8 za pedi na diski laini, na angepanda gari akiwa na amani moyoni. Upande wa ndani diski ilikuwa imechimbwa mifereji ambayo ukucha unaweza kuingia.

Basi, tuje kwenye kuzisoma. Programu nzuri ikifanya kazi huandika kumbukumbu, tunaziita logi, na hitilafu ikitokea unarudi kwenye logi kuona kilichotangulia. Pedi kuukuu ndiyo logi ya breki. Ya ndani imekwisha na ya nje ni nene? Angalia pini, na angalia kama pistoni inarudi. Ya nje imekwisha na ya ndani ni nene? Hii ni nadra zaidi, lakini inatokea pale ambapo kalipa inateleza ikisukumwa na inagoma kurudi ikiachiwa, hivyo pedi ya nje inabaki imeegemea diski kilomita baada ya kilomita. Pedi moja imelika kama kabari, nene upande huu na nyembamba upande ule? Kalipa inakaa mshazari, mara nyingi pini moja inasogea na nyingine imekwama. Au pedi yenyewe imekwama kwenye kitako chake kwa kutu na matope, na hapo dawa ni brashi ya waya na subira. Nimeona watu wakichukua mashine ya kusaga na kuikata pedi masikio ili "iingie vizuri". Pedi mpya inayostahili gari lako haihitaji kukatwa masikio. Safisha kitako chake kwanza.

Kuna usomaji mmoja ambao huwapotosha hata wajanja. Pedi zote mbili za gurudumu la kulia zimekwisha sawasawa, na zote mbili za kushoto ni nene kama mpya. Kila mtu anakimbilia kulia. Lakini pengine mgonjwa ni wa kushoto! Pistoni ya kushoto ikikwama ikiwa ndani, gurudumu hilo halifungi breki, na pedi zake hubaki nene kwa sababu hazifanyi kazi. La kulia limelika kwa sababu limekuwa likifunga breki kwa niaba ya mwenzake. Ukikanyaga breki gari huvutwa upande wa gurudumu linalofanya kazi, na diski ya upande mgonjwa huwa na kutu au utando mahali ambapo ingepaswa kung'aa. Pedi nene si lazima iwe pedi yenye afya. Kwenye ofisi yoyote mtu ambaye meza yake ni safi daima si lazima awe ndiye anayemaliza kazi :-)

Na kabla hujaenda kwa fundi na makala haya mkononi ukaanza kumfundisha habari za pini, fahamu kwamba magurudumu ya mbele ya Prado hiyo hayana kalipa ya kuteleza. Mbele kuna kalipa iliyokazwa isiyosogea, yenye pistoni nne, mbili ndani na mbili nje. Land Rover Defender 110 ya zamani pia ina pistoni nne mbele. Hapo hakuna pini ya kuteleza ya kupaka grisi. Kinachokwama ni pistoni moja kati ya nne. Ikikwama, pedi iliyo mbele yake inasukumwa na pistoni moja badala ya mbili na inalika mshazari. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye magari madogo ya mjini, ambayo mengi yana kalipa za kuteleza, anaweza kutafuta pini mbele asizione na kusema kila kitu kiko sawa.

Pistoni nayo ina siri yake. Je, umewahi kujiuliza ni nini huirudisha nyuma ukiachia pedali? Kwenye breki za diski hakuna springi inayoivuta. Kuna ringi ya mpira iliyokaa kwenye mfereji ndani ya kalipa, na ukiikata ringi hiyo utaona ina umbo la mraba. Pistoni ikisogea mbele, ringi hujipinda pamoja nayo. Shinikizo likiisha, mpira hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma sehemu ndogo tu ya milimita. Hiyo sehemu ndogo ndiyo inayotenganisha breki iliyoachia na breki inayokokota. Sasa chukua mpira huo uupake grisi ya kawaida ya bearing au oili ya injini, kama ninavyoona ikifanywa kwenye gereji nyingi za jua kali. Mpira wa breki umetengenezwa uvumilie mafuta ya breki, si mafuta ya petroli. Huvimba, hulegea, na hauivuti tena pistoni. Kalipa iliyokuwa imechoka kidogo sasa imeuawa na mtu aliyetaka kuisaidia.

Hosi za mpira zinazopeleka mafuta kwenye gurudumu nazo huzeeka kwa ndani huku nje zikionekana vizuri. Ngozi ya ndani ikivimba, tundu hubana. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta, lakini yakirudi hayana wa kuyasukuma, basi yanakaa kule na breki inaendelea kushika. Hapa napenda njia ya fundi mmoja niliyemwona mtaani kwetu. Aliinua gurudumu kwa jeki, akalizungusha, likawa zito. Akafungua nati ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa, mafuta yakachuruzika kidogo, gurudumu likawa jepesi. Maana yake chuma hakijakwama, ila shinikizo lilikuwa limefungiwa. Kama lingebaki zito, hosi ingeondolewa mashtaka na angeivamia kalipa. Kisha angeweza kupanda juu zaidi, kwenye kiungo cha hosi na bomba la chuma, na kurudia jaribio. Kila jaribio linakata mfumo nusu kwa nusu. Chuoni tulifundishwa mbinu hiyo kwa muhula mzima na tukaifanyia mtihani. Yeye alikuwa akiifanya akiwa amelala chali kwenye vumbi, na malipo yake kwa dakika zile kumi yalikuwa sifuri, kwa sababu hakuna kitu alichokuwa amefunga.

Na hiyo ndiyo hoja yangu hasa, lakini kabla sijaifikia niruhusuni nipite kwenye eneo langu kidogo, maana siku hizi si mguu wako peke yake unaokanyaga breki. Programu nayo inakanyaga. Chukua gari la 4x4 lenye mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, kama A-TRC ambayo baadhi ya Prado za 120 zinayo. Difu ya kawaida hugawa msokoto sawasawa kwa magurudumu mawili, na gurudumu likining'inia hewani halihitaji msokoto wowote kuzunguka, kwa hiyo lile lililo ardhini nalo linapata karibu na hakuna. Gari linakwama. Kompyuta ikiona gurudumu moja linazunguka ovyo, inalifunga breki hilo pekee, na msokoto unapata njia ya kwenda kwa mwenzake. Wewe uliye kwenye usukani mguu wako uko kwenye petroli, na pedi inalika. Land Rover nao mwaka 1997 waliitoa Freelander ikiwa na mfumo wa kushuka mlima, ambao hufunga breki wenyewe gurudumu moja moja ili gari lishuke polepole. Ni programu nzuri hizi, nazipenda kama msomi wa fani. Ila ukipita kila wiki kwenye njia ileile ambayo upande wa kushoto daima ndio unaoning'inia, usishangae pedi zikitofautiana bila kalipa yoyote kuwa mbovu. Mwambie fundi unapita wapi. Bila habari hiyo atatafuta kutu ambayo haipo.

Kinachonikera kama mwandishi wa programu ni upande wa tahadhari. Pedi nyingi zina kibati kidogo ambacho hupiga kelele pedi ikikaribia kuisha, na mara nyingi kibati hicho huwekwa kwenye pedi ya ndani tu. Magari ya bei yenye waya wa sensa mara nyingi huwa na sensa kwenye gurudumu moja tu la kila ekseli. Mantiki yake ni kwamba magurudumu mawili ya ekseli moja hulika sawa, kwa nini upime mawili? Kwenye lami, sawa. Kwenye gari la matope na mawe, usawa ndicho kitu cha kwanza kufa. Sensa imewekwa kushoto na ugonjwa uko kulia, taa ya dashibodi haitawaka hata diski ikatwe vipande. Hii ni sawa na kupima seva moja kati ya mbili na kuandika kwenye ripoti kwamba mtambo wote ni mzima. Hata ile mashine ya rola ya ukaguzi hupima nguvu ya gurudumu zima. Inaweza kukuambia kushoto na kulia vimetofautiana, lakini haiwezi kukuambia kwamba ndani ya gurudumu pedi moja inafanya kazi ya mbili.

Lipo onyo moja la bure ambalo karibu kila gari linalo, nasi tunalizima kwa mikono yetu. Pedi zikilika, pistoni husogea mbele, na mafuta ya breki kwenye kichupa chini ya boneti hushuka kujaza nafasi hiyo. Kichupa kikishuka, mtu wa kituo cha petroli anasema, "Boss, breki imepungua, niongeze?" Unasema ongeza. Ujumbe umefutwa kabla haujasomwa. Mafuta ya breki hayachomeki kama petroli, kwa hiyo yakipungua kuna sababu mbili tu za kufikiria kwanza, pedi zimelika au kuna mahali panavuja.

Kuna atakayesema nakuza mambo, kwani pedi ni pedi. Haya, tupige hesabu ya ile safari ya Magadi. Kutoka Kiserian hadi ziwani unashuka zaidi ya mita 1,200. Gari na mzigo wake tuseme kilo 2,300. Zidisha kwa 9.8 na kwa 1,200, unapata joto la karibu jouli milioni 27 ambalo lazima liende mahali. Hilo linatosha kuchemsha karibu lita 80 za maji yaliyoanza kwa nyuzi 20, yaani mitungi minne ya lita 20. Sehemu inachukuliwa na upepo na na injini ukishuka kwa gia ndogo, kama unavyopaswa. Inayobaki ni ya diski na pedi. Pedi mojawapo ikiwa haifanyi kazi, joto lile linagawanywa kwa waliobaki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakifikisha asilimia 3.7 ya maji kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama hadi sakafuni bila kufunga chochote. Hapo ndipo mpira mmoja uliochanika unapokuwa habari ya watu saba ndani ya gari na kona iliyo mbele yao.

Sasa turudi kwenye pesa. Nenda barabara ya Kirinyaga, kule Grogan, na umwambie fundi akubadilishie pedi. Mtakubaliana bei ya pedi, mtabishana kidogo, na bei ya kufunga itakuwa ndogo, tena inalipwa kwa gurudumu. Mwambie sasa akae saa nzima akague pini, pistoni na hosi za magurudumu manne, na kama hakuna kilichokufa asikuuzie kitu, umlipe saa yake. Wengi wetu tutasema anatuibia. "Amefanya nini sasa? Ameangalia tu!" Kwa bei tunazolipa tumemfundisha kwamba riziki yake iko kwenye kufunga, na wakati mwingine kwenye kitu kidogo anachoachiwa na duka la spea. Kisha tunashangaa akifunga bila kuangalia. Katika kazi yetu ni vilevile. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mfumo ulizimwa na kuwashwa kila Jumatatu alfajiri kwa sababu programu moja ilikuwa ikila kumbukumbu polepole. Bajeti ya kuongeza kumbukumbu ilipatikana mara mbili. Bajeti ya siku tatu za mtu kutafuta uvujaji haikupatikana, kwa kuwa mwisho wa siku tatu hizo hapangekuwa na kisanduku kipya cha kuonyesha.

Sisemi mafundi ni malaika. Wapo wanaojua pini imekwama na wananyamaza kwa sababu utarudi baada ya miezi minne. Pia sisemi kila tofauti ni ugonjwa. Pedi ya ndani kulika zaidi kidogo kuliko ya nje ni kawaida, na kabari ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho wa pedi nayo ni kawaida. Kipimo changu ni milimita 2 kati ya pedi mbili za gurudumu moja. Zikizidi hapo nataka sababu. Pedi mpya huwa na kama milimita 10 hadi 12 za kitambaa cha msuguano bila kuhesabu bati, na mimi singeenda safari ya Magadi na yoyote iliyo chini ya 3. Na ndiyo, kuna pedi feki sokoni, na pedi laini kupita kiasi itaisha haraka. Lakini feki zikifungwa seti nzima zitaisha zote pamoja. Pedi feki haina uwezo wa kuchagua upande wa ndani wa gurudumu la kulia.

Ninachofanya sasa kwenye magari ya nyumbani ni hiki. Kila tairi zikizungushwa, magurudumu yanatoka yote, na pedi zote, za ndani na za nje, zinapimwa kwa kipimo cha vernier cha bei ya chini. Namba zinaandikwa kwenye daftari la shule pamoja na kilomita za gari na tarehe. Pini zinatolewa, zinafutwa, zinapakwa grisi ya breki. Mafuta ya breki yanabadilishwa kila miaka miwili. Fundi analipwa saa yake hata kama hakufunga kitu, tena analipwa kabla hajaanza, ili asione haya kuniambia kila kitu kiko sawa. Ukurasa mmoja wa daftari hilo tayari umetuonyesha gurudumu la mbele la kushoto kwenye pikapu ya jirani likianza kuachana na wenzake, milimita moja, kisha moja na nusu, kisha mbili, na pistoni ikapatikana ina vidoa vya kutu kabla haijakwama kabisa.

Kama wewe ni fundi na umewahi kuona pedi zilizolika kwa namna ambayo sikuitaja, niandikie, na ukiweza piga picha ya ndani na nje kwa pamoja, na uniambie gari hupita njia gani.